Kipimo cha dakika 26: Kinaokoa masikio ya watoto, je, kinawalipa wanahisa?

Mjini Manchester, Uingereza, kimebuniwa kipimo kidogo cha vinasaba ambacho kwa muda wa dakika 26 humwambia muuguzi kama mtoto mchanga aliye mahututi yumo katika hatari ya kuharibiwa masikio na dawa anayokaribia kuchomwa. Kipimo hicho kimejaribiwa katika hospitali mbili kubwa na kikafanya kazi. Mwezi Machi 2023 taasisi ya taifa inayopima thamani ya tiba nchini humo, NICE, ilikipitisha kwa masharti.

Pamoja na sifa hizo, mwekezaji aliyenunua hisa za kampuni inayokitengeneza, Genedrive, wakati bei ilipokuwa juu katikati ya mwaka 2020, alikuwa amepoteza karibu fedha zake zote ilipofika mwaka 2024. Hisa iliyopita pauni moja mwaka 2020 ilikuwa ikiuzwa chini ya peni mbili miaka minne baadaye.

Bidhaa ni nzuri, hisa ikawa mbaya. Jambo hilo linawashangaza wawekezaji wadogo wengi, ambao huamini kuwa kampuni yenye uvumbuzi wa kuokoa watoto haiwezi kukosa faida. Ukweli ni kwamba hesabu ya hospitali na hesabu ya mwanahisa ni hesabu mbili tofauti, na mara nyingine hazikutani. Biashara ya vipimo vya vinasaba inazidi kutajwa katika masoko ya mitaji, na kisa hiki cha Manchester kinaonyesha wazi mahali zinapoachana.

Dawa ya bei nafuu yenye kasoro moja

Dawa inayohusika ni jentamaisini, ambayo wauzaji wa dawa wa Kariakoo na River Road wanaifahamu vizuri. Ilianza kutumika katika miaka ya 1960, haki zake za uvumbuzi zilikwisha muda mrefu uliopita, na viwanda vingi duniani huitengeneza. Bei yake ni ndogo. Inaua bakteria wengi wanaoingia katika damu ya watoto wachanga, na kwa sababu hiyo ni dawa ya mstari wa mbele kwa mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi, si Uingereza tu bali pia Tanzania, Kenya na nchi nyingine zinazofuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO.

Kasoro yake ni kwamba kwa watu wachache inaharibu masikio. Katika sikio la ndani kuna chembe zenye vinyweleo vidogo ambazo hugeuza sauti kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mtoto aliyepoteza usikivu siku ya tatu ya maisha yake hatasikia sauti ya mama yake, na atafika umri wa kujifunza kusema bila kuwa na maneno ya kuiga.

Sababu ya baadhi ya watoto kudhurika kwa dozi ya kawaida, na wengine kutodhurika, ilijulikana mwaka 1993, wakati watafiti walipochapisha matokeo yao katika jarida la Nature Genetics. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna viwanda vidogo vya nguvu viitwavyo mitokondria, ambavyo vina vinasaba vyake vyenyewe. Katika jeni moja ya mitokondria, nafasi ya 1555, watu wachache wana herufi moja tofauti na wenzao. Herufi hiyo moja inafanya sehemu ya mashine ya kutengeneza protini ifanane na ile ya bakteria. Jentamaisini, ambayo kazi yake ni kuishambulia mashine ya bakteria, inaishambulia na ya mtoto pia.

Nchini Uingereza inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 500 ana tofauti hiyo. Hurithiwa kutoka kwa mama peke yake, hivyo mtoto mmoja akigunduliwa kuwa nayo, mama yake, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake nao wanaweza kuonywa kabla hawajachomwa dawa za kundi hilo.

Mtaji ni saa moja

Kwa muda mrefu ujuzi huo haukuwa na faida kwa mtoto mahututi, na kikwazo kilikuwa muda. Kipimo cha kawaida cha vinasaba hupelekwa maabara na majibu huchukua siku kadhaa. Mtoto mchanga mwenye maambukizi katika damu hawezi kusubiri siku kadhaa. Mwongozo wa Uingereza unataka dawa iingie mwilini ndani ya saa moja tangu daktari anapoamua kuitoa. Nje ya saa hiyo, kipimo chochote ni sawa na gazeti la jana.

Mwezi Januari 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, iliwakumbusha madaktari juu ya hatari ya tofauti hizo za mitokondria kwa wanaotumia dawa za kundi la jentamaisini. Hata hivyo ilisisitiza kwamba matibabu ya dharura yasicheleweshwe kwa ajili ya kupima. Agizo hilo lilikuwa sahihi. Maambukizi yanaua mtoto, na watoto 499 katika 500 hawana tofauti hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya biashara. Aliyeweza kuleta kipimo kinachomalizika ndani ya ile saa moja, kinachofanywa na muuguzi kando ya kitanda bila kuhitaji mtaalamu wa maabara, angekuwa na bidhaa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Chuo Kikuu cha Manchester, kikiongozwa katika kazi hiyo na Profesa Bill Newman, kilishirikiana na Genedrive kutengeneza kifaa hicho. Muuguzi hupitisha pamba ndani ya shavu la mtoto, huiweka sampuli katika katriji, kisha huiingiza katika mashine inayotosha juu ya meza ndogo. Baada ya dakika 26 mashine inatoa jibu. Mtoto akionekana kuwa na tofauti ile, daktari hutumia dawa nyingine, kwa mfano sefotaksimu.

Majaribio yalionyesha nini

Kifaa kilijaribiwa kati ya Januari na Novemba 2020 katika wodi mbili za watoto wachanga mahututi, moja Manchester na nyingine Liverpool. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Pediatrics. Mwekezaji anayesoma taarifa za kampuni za afya anafaa kujifunza kusoma matokeo ya namna hii, kwani ndani yake mna habari njema na habari za tahadhari kwa pamoja.

Watoto 751 walipimwa. Watatu walikutwa na tofauti ya herufi ya 1555, na wote watatu waliepushwa na jentamaisini. Muda wa kumpatia mtoto dawa haukuongezeka. Ulibaki wastani wa dakika 55 na ushei, kama ulivyokuwa kabla ya kipimo kuanza kutumika. Hili ndilo lililokuwa jambo kubwa kuliko yote, kwani lilithibitisha kuwa kipimo kinaweza kuingia ndani ya ile saa moja bila kuivunja.

Habari za tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanzoni kipimo kilishindwa kutoa jibu mara 17.1 katika kila mia. Watengenezaji walirekebisha katriji na kiwango hicho kikashuka hadi 5.7 katika mia. Mwenye duka anaelewa maana yake: katriji iliyoshindwa imekwisha kutumika, na ama kampuni ama hospitali italazimika kubeba hasara hiyo.

Ya pili inahitaji hesabu kidogo. Kipimo hakikumkosa mtoto yeyote aliyejulikana kuwa na tofauti hiyo, na kwa watoto wasiokuwa nayo kilijibu sawasawa mara 99.2 katika mia. Ni alama za juu sana. Lakini chukulia watoto 1,000. Kwa kiwango cha mmoja katika 500, wenye hatari ya kweli ni wawili. Kati ya 998 waliobaki, makosa ya 0.8 katika mia yanatoa kengele za uongo karibu nane. Hivyo katika kengele kumi, mbili ni za kweli na nane ni za bure.

Kwa daktari hilo si balaa. Mtoto aliyepigiwa kengele ya bure anapewa dawa nyingine kwa siku chache mpaka maabara ithibitishe, na ni heri kuliko kumwacha mmoja apoteze masikio. Lakini dawa mbadala nazo zina gharama, na madaktari hawapendi kuzitumia ovyo kwa kuhofia usugu wa bakteria. Kila jambo zuri katika tiba lina stakabadhi yake.

Hesabu ya mnunuzi

Mnunuzi wa kipimo hiki Uingereza ni Huduma ya Taifa ya Afya, NHS. Kwa makadirio ya NHS yenyewe, watoto wachanga karibu 90,000 nchini Uingereza hupewa jentamaisini kila mwaka. Kwa kiwango cha mmoja katika 500, wenye hatari ni 180. Hospitali za Manchester zilipotangaza habari za kipimo, zilikadiria kuwa NHS ingeweza kuokoa pauni milioni 5 kwa mwaka kwa kupunguza mahitaji ya matibabu mengine, vikiwemo vifaa vya kusikilizia vinavyopandikizwa ndani ya sikio.

Mwekezaji makini hupitia hesabu hiyo mwenyewe. Ili kumpata mtoto mmoja mwenye hatari ni lazima kupima 500. Kwa bei ya mfano tu, siyo bei ya kampuni, kila kipimo kikigharimu pauni 100, kumpata mtoto huyo ni pauni 50,000. Kikigharimu pauni 50, ni pauni 25,000. Kikigharimu pauni 20, ni pauni 10,000.

Kisha lipo swali gumu zaidi. Si kila mtoto mwenye tofauti hiyo anayechomwa jentamaisini hupoteza usikivu. Wengine hupona bila madhara, na wengine hupoteza usikivu baadaye maishani hata bila dawa. Ikiwa nusu tu ndio wangeharibika masikio kwa dawa, basi gharama ya kumwokoa mtoto mmoja inakuwa mara mbili: kwa bei ya mfano ya pauni 100 ni pauni 100,000. Kwa kuwa jibu la swali hilo linabadilisha hesabu nzima, NICE haikutoa ruhusa ya moja kwa moja mwaka 2023. Ilisema kipimo kitumike hospitalini huku takwimu zaidi zikikusanywa, ikiwemo namna kinavyobadilisha uamuzi wa madaktari na kinavyoathiri muda wa kutoa dawa.

Kwa lugha ya soko, kibali cha namna hiyo ni sawa na mteja anayesema, niachie mzigo kidogo niuone. Ni mlango uliofunguka, lakini bado si oda.

Anayelipa siye anayeokoa

Hata hesabu ikitoka vizuri, lipo tatizo la mifuko. Wodi ya watoto wachanga ndiyo inayonunua mashine na katriji, na inalipa leo kutoka katika bajeti yake. Akiba inapatikana miaka mingi baadaye, katika kitengo cha masikio, katika shule, na katika maisha ya mtu mzima anayeweza kufanya kazi yoyote bila kikwazo cha usikivu. Mfuko unaotoa si mfuko unaopokea.

Mzazi akiulizwa atasema hakuna bei ya masikio ya mwanawe. Lakini mzazi siye anayesaini hati ya manunuzi. Anayesaini ana bajeti ya mwaka mmoja, na ana maombi mengine mezani: wauguzi, mashine za kupumulia, vitanda vya joto.

Ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi mara nyingi. Katika tiba ya saratani, vipimo vya vinasaba vimepata soko upesi kwa kuwa nyuma yao wapo watengenezaji wa dawa za bei kubwa. Dawa ya Herceptin ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani ya matiti, ilikwenda pamoja na kipimo cha kuonyesha ni mgonjwa gani itakayemfaa. Kampuni ya dawa ilikuwa na kila sababu ya kusukuma kipimo, kwani kila jibu la ndiyo lilikuwa mauzo ya dawa ghali.

Jentamaisini haina mwenyewe. Ni dawa ya kila kiwanda. Hakuna mtengenezaji mwenye nia ya kutumia mamilioni kuifanya salama zaidi, na kipimo cha Manchester kazi yake ni kuzuia dawa isitumike, siyo kuiuza. Gharama za utafiti zilibebwa na fedha za umma na za taasisi ya hisani ya watu wenye matatizo ya usikivu. Zilipokwisha, kazi ya kutembea hospitali kwa hospitali ilibaki kwa kampuni ndogo.

Hesabu ya mwanahisa

Genedrive ni kampuni iliyojulikana kama Epistem mpaka mwaka 2016 ilipobadili jina. Hisa zake ziliandikishwa katika AIM, soko la London la kampuni ndogo na zinazokua, ambalo masharti yake ni mepesi kuliko ya soko kuu. Mwaka 2020 bei ya hisa ilipanda kwa kishindo kutokana na matumaini ya vipimo vya Uviko-19, siyo kutokana na kipimo cha watoto. Matumaini hayo yalipoyeyuka, bei iliyeyuka nayo.

Biashara yake ilipangwa kwa mtindo unaofahamika kwa wauza gesi ya kupikia. Jiko linaweza kuuzwa kwa faida ndogo au hata kutolewa kwa mkopo, kwani fedha ipo katika kujaza mtungi kila mwezi. Hapa jiko ni mashine na mtungi ni katriji. Mtindo huo ni mzuri sana pale majiko yakishakuwa mengi. Kabla ya hapo, kampuni inalipa mishahara, inalipa wataalamu wa ubora, inafundisha wauguzi, na mauzo ni ya kudondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, na pia ule ulioishia Juni 2024, mauzo ya kampuni hayakufika pauni milioni moja, wakati matumizi yake yalikuwa ya mamilioni kadhaa. Pengo hilo lilizibwa kwa kuuza hisa mpya. Kila hisa mpya ilipouzwa kwa bei ya chini kuliko ya awali, fungu la mwanahisa wa zamani lilipungua. Ni kama mtu mwenye robo ya shamba ambaye kila msimu wanaongezwa wenzake wapya wa kugawana. Shamba ni lile lile, robo imekuwa kijisehemu.

Mwekezaji angeweza kuyaona hayo mapema kwa hesabu moja tu ya kuzidisha. Hata kama kila mtoto kati ya wale 90,000 angepimwa, kwa bei ya mfano ya pauni 100 soko lote la Uingereza lingekuwa pauni milioni 9 kwa mwaka. Hicho ndicho kilele cha mlima, na kabla ya kutoa gharama yoyote. Kampuni inayoanza na hospitali mbili tatu iko mbali sana na kilele hicho. Kwa hiyo kampuni ilitafuta bidhaa ya pili, kipimo kinachoonyesha kama mgonjwa wa kiharusi atasaidiwa na dawa ya klopidogreli. Mwaka 2024 NICE ilipendekeza upimaji wa jeni hiyo, na wagonjwa wa kiharusi ni wengi. Lakini kibali kilikuja wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi.

Hatari ya dawa kubadilishwa

Mwekezaji katika vipimo anapaswa kukumbuka jambo moja zaidi. Mara nyingine njia rahisi ya kukwepa madhara ya dawa siyo kumpima mgonjwa, bali ni kuiacha dawa yenyewe.

Mfano wa karibu ni kodini, dawa ya maumivu na kikohozi. Baadhi ya watu wana nakala za ziada za jeni inayogeuza kodini kuwa mofini mwilini. Kwao dozi ya kawaida inakuwa kubwa kupita kiasi, na watoto wamewahi kufa kwa kushindwa kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta Waethiopia 29 katika kila 100 wakiwa na nakala za ziada. Kwa kiwango kama hicho haina maana kupima mmoja mmoja. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ethiopia iliamua kupiga marufuku dawa zenye kodini. Marekani nayo mwaka 2017 ilizuia kodini kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Mwaka 2018 WHO ilipendekeza kuachana na sindano za kanamaisini katika kutibu kifua kikuu sugu, ambazo ni ndugu wa jentamaisini na zilikuwa zikiharibu masikio ya wagonjwa wengi. Badala yake vikawekwa vidonge vipya. Yeyote ambaye angekuwa ameweka mtaji katika kipimo cha sindano hizo angebaki na ghala lililojaa katriji zisizo na mteja.

Kanuni inayotokana na mifano hii ni nyepesi. Tofauti ya jeni ikiwa ya watu wengi, dawa huachwa. Ikiwa ya watu wachache, na dawa ni nafuu na haina mbadala mzuri, kipimo kina nafasi. Jentamaisini iko kundi la pili kwa sasa, na hilo ni jambo la kumtia moyo mtengenezaji wa kipimo. Lakini dawa mbadala ikishuka bei na kupungukiwa kasoro, nafasi hiyo inaweza kufungwa na mtu asiyehusika kabisa na kampuni.

Kwa soko la hapa

Wafanyabiashara wa vifaa vya hospitali wa Afrika Mashariki watauliza kama kuna biashara ya kuleta vipimo vya namna hii. Jibu la haraka halitafaa.

Jentamaisini inatumika sana katika wodi za watoto wachanga za ukanda huu, na hilo ni soko kwa maandishi. Lakini hesabu ya Manchester imejengwa juu ya mmoja katika 500 wa Uingereza. Tofauti za vinasaba hazigawanyiki sawasawa kati ya watu wa nchi mbalimbali. Kama mahali fulani ni mmoja katika 2,000, gharama ya kumpata mtoto mmoja inakuwa mara nne. Kabla ya kuagiza kontena, lazima wawepo waliohesabu watoto wa hapa.

Ipo pia ngazi ya matatizo iliyo chini ya hiyo. Masikio ya mtoto yanaweza kuharibiwa na jentamaisini hata kama hana tofauti yoyote ya jeni, iwapo dozi ni kubwa mno au figo zake hazifanyi kazi vizuri. Kupima uzito kwa usahihi, kukokotoa dozi, na kutozidisha siku za dawa ni kinga isiyohitaji katriji. Pale ambapo mizani ya wodi ni mibovu, fedha ya kwanza iende kwenye mizani. Na mzazi asije akakataa sindano kwa kusoma habari hizi: mtoto mchanga mwenye maambukizi asiyetibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kuhusu uwekezaji, soko la hapa lina mfano wake wa tofauti. Kampuni ya kwanza kuandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998 ilikuwa TOL, inayotengeneza gesi, ikiwemo oksijeni ya hospitali. Oksijeni si uvumbuzi mpya na haitangazwi kwa mbwembwe. Lakini hospitali haiwezi kulala bila hiyo, inaagizwa tena na tena, na anayelipa ndiye anayeona faida yake papo hapo. Hiyo haina maana kwamba hisa ya oksijeni hupanda bei kila siku. Ina maana kwamba mwekezaji anajua anachonunua na nani atakuja kukinunua kesho.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kisa cha Manchester kinaacha maswali matano ambayo mwekezaji mdogo anaweza kumuuliza wakala wake kila hisa ya kampuni ya vipimo inapotajwa.

Kwanza, kipimo kinabadilisha uamuzi wa daktari? Jibu lisilobadilisha dawa ni pambo.

Pili, jibu linafika kwa wakati? Kwa mtoto mahututi dakika 26 ni bidhaa, siku tatu si bidhaa.

Tatu, soko lote lina ukubwa gani? Idadi ya wagonjwa izidishwe kwa bei, kisha itafutwe sehemu ambayo kampuni inaweza kuipata kweli katika miaka mitatu.

Nne, anayelipa ndiye anayeokoa? Kama siye, mauzo yatakwenda polepole hata kama kila mtu anapiga makofi.

Tano, fedha iliyopo benki itaifikisha kampuni wapi? Kama itakwisha kabla ya hospitali kuanza kuagiza, hisa mpya zitauzwa, na wanahisa wa zamani ndio watakaolipia nauli.

Genedrive ilijibu vizuri maswali mawili ya kwanza. Matatu yaliyobaki ndiyo yaliyowagharimu wanahisa wake.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kuwa fedha zote zilipotea. Watoto watatu waliopimwa Manchester na Liverpool mwaka 2020 waliepushwa na dawa ambayo ingeweza kuwaondolea usikivu kwa maisha yao yote, na familia zao za upande wa mama zilipata onyo ambalo zisingelipata kwa njia nyingine. Faida hiyo ipo, ni ya kweli, na itadumu kwa miaka mingi. Haimo tu katika mizania ya kampuni, na mwekezaji anayetaka gawio anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa hundi.